Kukodi boti ya mfereji Uingereza pamoja na watoto na mama mzazi: naomba ushauri wa njia na usalama

Mama Watatu, Leicester

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi na mume wangu tunakusudia kukodi boti ya mfereji kwa juma moja mwishoni mwa Mei, shule zitakapofungwa katikati ya muhula. Tutakuwa watu sita: sisi wawili, watoto wa miaka 13, 9 na 4, na mama yangu mzazi mwenye miaka 68, ambaye atakuwa amekuja kututembelea kutoka Pangani. Mama amekulia kwenye mlango wa mto na amepanda majahazi na ngalawa tangu utotoni. Nilipomweleza kwamba huku kuna boti za chuma zenye vitanda, jiko na choo, na kwamba mtu wa kawaida hukabidhiwa aiendeshe mwenyewe bila leseni yoyote, aliniuliza maswali mengi kuliko niliyoweza kuyajibu, na ndiyo sababu nimeyaleta kwenu.

Tumebaki na njia mbili. Mume wangu anapenda mzunguko wa Cheshire, kwa kuwa mtu huanzia mahali na kurejea palepale bila kupita njia moja mara mbili. Mimi naegemea mfereji wa Llangollen, ule unaopita juu ya bonde kwa daraja refu huko Wales. Naomba mnisaidie kuamua, mkizingatia kwamba magoti ya mama hayana nguvu kama zamani. Naomba pia kujua kama mtoto wa miaka 4 anaweza kuwa salama kweli kwenye boti ya namna hiyo, na watu sita wanaishije katika chombo chenye upana wa mita mbili, hasa ikiwa mmoja wao, yaani mama, hawezi kupitisha siku bila kupika chakula cha kueleweka.

Baba Mapacha, Reading

Dada yangu, nianze na mzunguko wa Cheshire, kwa sababu hapo hesabu peke yake inatosha kuwapa jibu. Wazoefu wa mifereji wana kanuni wanayopangia safari: unajumlisha idadi ya maili na idadi ya loki, yaani vile vyumba vya maji vinavyopandisha na kushusha boti, kisha unagawanya kwa 3, na jibu ndilo saa za kuendesha. Mzunguko ule una maili 97 na loki 92, jumla 189, kwa hiyo ni saa 63. Kwa kawaida boti huchukuliwa Jumamosi alasiri na kurudishwa Jumamosi inayofuata mapema asubuhi, hivyo mtakuwa na siku sita kamili, na mtalazimika kuendesha zaidi ya saa kumi kila siku, mvua inyeshe au jua liwake. Kundi la vijana wanane wenye nguvu hulifurahia jambo hilo, lakini familia yenye mtoto mdogo na mzee itachoka kabla ya siku ya tatu.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu sisi tulifanya kosa la aina hiyo kwenye mfereji wa Kennet na Avon. Tulikuwa watu wazima wawili na mapacha wa miaka 7, tukaamua kushuka Caen Hill kule Devizes, ambako kuna loki 29 zinazoshusha mfereji mita 72 ndani ya takribani maili 2, na 16 kati ya hizo zimepangwa mfululizo kwenye mteremko kama ngazi za ghorofa. Malango ya loki hayasukumwi kwa mikono. Unaegemeza mgongo kwenye boriti ndefu ya mbao, unakaza miguu kwenye matofali yaliyojengwa kwa ajili hiyo, na hata hivyo lango halisogei hata kidogo mpaka maji ya pande mbili yalingane. Mimi nilikuwa kwenye usukani na mke wangu alikuwa nchi kavu na ile hendeli ya kuzungushia vilango vidogo vya maji. Tulipofika kwenye loki ya kumi na moja viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, na watoto walikuwa wamekaa ndani tangu asubuhi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa tatu wa kuwaangalia wakiwa nje. Jioni walilala bila kula. Siku ile ingeweza kuwa nzuri sana endapo tungefanya hesabu mapema, na sitaki iwapate ninyi mkiwa na bibi.

Bi Mkubwa, Wrexham

Marahaba binti yangu, na mama yako mfikishie salamu zangu. Mfereji wa Llangollen nimeupita mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na wajukuu, na kwa familia yenu sioni mwingine wa kuufikia. Mfereji mzima una maili 46 na loki 21, lakini siri yake ni kwamba loki nyingi ziko upande wa chini, kuanzia Hurleston hadi Grindley Brook. Mkikodi boti kuanzia Ellesmere mkaelekea Llangollen, mtakutana na loki mbili tu, za New Marton, na baada ya hapo hakuna nyingine mpaka mwisho. Ni takribani maili 20 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ukitumia kanuni ya ndugu yangu wa Reading, utaona kwamba siku mbili zinatosha kwenda bila haraka na mbili kurudi, na siku zinazobaki mtakuwa mmefunga boti mahali mnapopapenda.

Jueni kwamba maji ya mfereji huu yanatembea, tofauti na mifereji mingi. Yanachotwa mto Dee juu ya Llangollen na kuteremka hadi bwawa la Hurleston, ambako husafishwa yakawa ya kunywa. Kazi hiyo ndiyo iliyouokoa mfereji, kwani mwaka 1944 Bunge liliruhusu vyombo visipitishwe tena humo, lakini haukufukiwa kwa sababu watu walikuwa wanayahitaji maji yake. Kwa hiyo mkienda mtakuwa mnapanda mkondo na boti itakuwa nzito kidogo, na mkirudi mtaona wepesi wake.

Mkifika Chirk mtapita kwanza daraja la maji la mwaka 1801, yaani daraja linalobeba mfereji wenyewe, ambalo linavuka mpaka wa England na Wales, na papo hapo mtaingia kwenye handaki la mita 421. Humo boti mbili hazipishani. Simameni mdomoni mwa handaki mtazame kama kuna taa inayokuja, na kama hakuna washeni yenu muingie. Mwandaeni yule mdogo mapema kwa ajili ya giza na matone ya maji yanayodondoka kutoka darini.

Kisha ndipo mtakapofika Pontcysyllte, lile daraja refu ulilolitaja. Daraja hilo lilijengwa na Thomas Telford pamoja na William Jessop, likafunguliwa mwaka 1805, na mwaka 2009 UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia. Lina urefu wa mita 307 na liko mita 38 juu ya mto Dee. Mfereji unapita ndani ya hori la chuma lililowekwa juu ya nguzo za mawe, na hori lenyewe halizidi boti kwa upana isipokuwa kidogo. Upande mmoja kuna njia ya waenda kwa miguu yenye vizuizi vya chuma. Upande wa pili hakuna kizuizi chochote, ila ukingo wa hori tu, ambao unazidi usawa wa maji kwa kiasi cha shubiri moja hivi. Ukikaa omo, yaani mbele ya boti, ukatazama upande huo huoni ukingo kabisa: unaona maji kidogo, halafu unaona vilele vya miti vikiwa chini yako. Mara ya kwanza nilishika kiti kwa mikono miwili na kusoma dua zote nilizozijua. Boti yenyewe haiwezi kuanguka, kwa kuwa hori linaishika pande zote mbili, lakini mtoto wa miaka 4 akae ndani, dirishani, na mtu mzima amshike mpaka mmalize. Wale wakubwa wanaweza kuvuka kwa miguu pamoja na baba yao.

Kutoka Trevor, ng'ambo ya daraja hilo, kwenda Llangollen kuna sehemu nyembamba zilizochongwa mwambani, ambamo chombo kimoja tu hupita. Mpelekeni yule wa miaka 13 pamoja na mtu mzima watangulie kwa miguu wakiwa na simu, wawaarifu kama njia iko wazi. Mkishafunga boti Llangollen, mpelekeni mama kwenye boti zinazovutwa na farasi. Vyombo vya injini haviruhusiwi kuendelea kutoka hapo, kwa hiyo kuna utulivu ambao nadhani atauthamini kuliko mambo mengine yote ya safari.

Fundi wa Chuma, Birmingham

Nakubaliana na Bi Mkubwa kuhusu njia. Mimi hutengeneza injini za boti hizi, na ningependa kuongeza habari za usalama, kwa kuwa maelekezo ya siku ya kuchukua boti aghalabu hutolewa harakaharaka na familia nyingi husahau nusu yake.

Hatari kubwa kwenye loki ni wakati wa kushuka. Chini ya malango ya juu kuna kizingiti cha mawe au zege kinachojitokeza ndani ya chumba, nacho hakionekani wakati chumba kimejaa. Maji yakishuka huku tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, ikiwa juu ya kizingiti hicho, tezi hubaki imekalia jiwe na omo huendelea kuzama, na katika muda mfupi sana vyombo vya jikoni vinaporomoka ndani na maji yanaingia kwa mbele. Ndiyo maana kuna mstari mweupe uliochorwa ukingoni mwa loki. Anayeendesha ahakikishe tezi iko mbele ya mstari huo muda wote, na aliyeshika hendeli asiondoe macho yake kwenye boti kwa ajili ya simu wala mazungumzo. Mkiona boti imeanza kukaa upande, fungeni mara moja vilango vya chini, kisha fungulieni vya juu ili maji yairejeshe.

Boti ya watu sita ina uzito wa zaidi ya tani 15, na haina breki isipokuwa kurudisha injini nyuma. Mwendo ulioruhusiwa ni maili 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, na kwa sababu hiyo watu huudharau. Waambieni watoto kwamba mkono wala mguu hautoki nje ya ubavu wa boti kwa namna yoyote, hata kama boti inaelekea kugonga ukuta. Acheni igonge, imeundwa kwa chuma. Mtu asiruke kwenda ukingoni, apige hatua baada ya boti kufika. Asikae mtu juu ya paa mnapokaribia madaraja, kwa kuwa mengi ni ya chini. Ombeni jaketi okozi za watoto mnapoweka nafasi, na wawe nazo kila wanapokuwa nje. Mtu akianguka majini, jambo la kwanza ni kuitoa injini kwenye gia ili rafadha, yaani panga linalozunguka majini kuisukuma boti, isimame, na kamwe msirudishe boti nyuma kumfuata. Mara nyingi mtu mzima akisimama kwenye mfereji maji humfika kiunoni au kifuani tu, lakini ndani ya loki kina ni kirefu na ukuta unateleza.

Kuhusu upishi, jiko ni la gesi lenye mafiga manne na tanuri, na pilau ya watu sita inapikika bila shida. Chombo cha umeme cha kupikia wali kiacheni nyumbani, kwani kinakula umeme mwingi kuliko betri zinavyoweza kutoa. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata likiwa limebaki na makaa machache, kwa sababu hewa yake inaua watu waliolala na boti ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha madogo. Mkitaka kuchoma samaki, chomeni nchi kavu mahali panaporuhusiwa. Jazeni tangi la maji kila siku. Kwa wanaoswali, tafuteni kibla baada ya kufunga boti, maana mfereji huu unafuata mikunjo ya vilima na mwelekeo hubadilika kila baada ya dakika chache.

Mama Watatu, Leicester

Nawashukuru sana. Nimemsomea mume wangu hesabu ya saa 63 naye amekubali bila ubishi, kwa hiyo tutaanzia Ellesmere. Nimebakiwa na jambo moja. Mama ameniomba ashike usukani walau kidogo, na nashindwa kujua kama nimkatalie.

Bi Mkubwa, Wrexham

Usimkatalie, binti yangu. Usukani wa boti hizi ni mkono mrefu wa chuma ulioko tezi, ambao watu wa majahazi huuita kana, nao unaukaza kushoto ili chombo kiende kulia. Wengi huku hupata taabu siku nzima kulizoea jambo hilo, lakini yeye mikono yake inalijua. Mpe nafasi kati ya Ellesmere na New Marton, ambako mfereji ni mpana kidogo na hakuna loki. Mkikutana na chombo kingine mwambieni akae kulia, na mkipita boti zilizofungwa ukingoni apunguze mwendo kabisa, kwa kuwa msukumo wa maji hung'oa vigingi vyao. Mtafutie kiti kirefu cha kuegemea ili magoti yapumzike na aione omo, na mchukulie koti zito, kwani asubuhi za Mei huku bado zina baridi ambayo Pangani hawaijui.