Moldova: Tunatofautishaje shaka na ushahidi wa mkono wa nje katika uchaguzi?

Mfuatiliaji (mleta mada)

Ndugu wana jukwaa, naomba wenye uelewa wanisaidie katika jambo ambalo limenikaa kichwani kwa muda mrefu. Tarehe 20 Oktoba 2024 wananchi wa Moldova, nchi ndogo iliyobanwa kati ya Romania na Ukraine, walipiga kura mbili kwa siku moja: ya kumchagua rais, na ya maoni kuhusu kuliingiza katika katiba lengo la kujiunga na Umoja wa Ulaya. Katika kura ya maoni upande wa ndiyo ulipata asilimia 50.35. Pengo lilikuwa kura 10,500 hivi, kati ya karibu milioni 1.5 zilizopigwa.

Usiku uleule, hesabu ikiwa bado inaendelea, Rais Maia Sandu alitangaza kwamba makundi ya wahalifu yakishirikiana na nguvu za nje yalilenga kununua kura 300,000. Urusi ilikanusha kuhusika. Sina sababu ya kumwona Rais Sandu kuwa mwongo, lakini najiuliza: mtu aliye mbali atajuaje kwamba madai ya namna hii yana msingi, wala si kinga ya mtawala ambaye matokeo hayamwendei vizuri? Na kama kweli kura nyingi kiasi hicho zililengwa, huku pengo likiwa dogo kiasi kile, matokeo yanayobaki yana thamani gani?

Kipimo

Mleta mada, nakushauri uanze na fedha kabla ya hotuba, kwa sababu hotuba hutolewa na kila upande lakini fedha huacha nyayo. Miezi kadhaa kabla ya kura, Aprili 2024, maofisa katika uwanja wa ndege wa Chișinău, mji mkuu wa Moldova, waliwapekua abiria waliokuwa wakirejea kutoka kwenye mkutano wa kisiasa mjini Moscow, wakakuta jumla ya zaidi ya dola milioni 1 taslimu. Wengi walibeba kiasi kilicho chini ya euro 10,000, yaani kiwango ambacho mtu akikizidisha hulazimika kutoa taarifa. Abiria mmoja mwenye euro 9,000 ni msafiri wa kawaida. Wakiwa wengi, wametoka mkutano mmoja na viwango vyao vinafanana, hapo pana mpango.

Baada ya njia hiyo kubanwa, fedha zilihamia kwenye simu. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 mkuu wa polisi alieleza kwamba katika mwezi wa Septemba pekee takriban dola milioni 15 zilitumwa kwa watu zaidi ya 130,000 kupitia Promsvyazbank, benki ya Urusi iliyo chini ya vikwazo. Anayetajwa kuwa kiungo ni Ilan Shor, tajiri aliyehukumiwa bila kuwapo mahakamani kifungo cha miaka 15 mnamo Aprili 2023, kwa kuhusika na wizi wa dola bilioni 1 uliozikumba benki tatu za Moldova mwaka 2014. Chama chake kilitangazwa kuwa kinyume cha katiba Juni 2023, naye yuko Moscow. Hakujificha sana: aliahidi hadharani, kupitia Telegram, malipo kwa watakaojiandikisha kufanya kampeni ya kupinga kura ya maoni.

Kwa hiyo swali la kama kulikuwa na jaribio, mimi naliona limejibiwa. Hapa tuna benki, viwango, tarehe na mtu anayetoa ahadi kwa jina lake mwenyewe, mambo ambayo shaka tupu haina.

Mtazamo wa Pembeni

Nakubaliana na ndugu Kipimo kuhusu jaribio, lakini naomba tusiruke kutoka hapo hadi kwenye athari, maana watu wengi huteleza katika hatua hiyo. Watu 130,000 kupokea fedha si sawa na kura 130,000 kubadilika. Kura ni ya siri, na aliyelipwa anaweza kuingia kituoni akafuata moyo wake. Tena wapo waliolipwa kupigia kura kitu ambacho wangekipigia hata bila senti moja.

Tazameni Gagauzia, jimbo la kusini lenye mamlaka yake ya ndani, ambako asilimia 95 hivi walisema hapana. Wengi walilitaja jimbo hilo kama kielelezo cha kura zilizonunuliwa. Lakini Februari 2014, katika kura ya maoni ambayo jimbo liliiandaa lenyewe, zaidi ya asilimia 98 waliunga mkono kujiunga na umoja wa forodha ulioongozwa na Urusi. Msimamo wa watu wale ulikuwapo miaka kumi kabla, na una mizizi katika lugha, vyombo vya habari wanavyovifuata na kumbukumbu ya enzi ya Kisovieti. Kuueleza wote kwa hongo ni kuwavunjia heshima raia wanaofikiri tofauti na Chișinău.

Lipo na jambo la pili, nalo linaniuma zaidi. Ili kujikinga, serikali ilifungua vituo viwili tu vya kupigia kura nchini Urusi, ilhali Italia ilipata makumi. Sababu za usalama zilitolewa, na nazielewa. Hata hivyo, katika duru ya pili ya urais ya tarehe 3 Novemba 2024, Alexandr Stoianoglo, mpinzani wa Sandu, aliongoza kwa kura zilizopigwa ndani ya nchi, na Sandu akashinda kwa asilimia 55 hivi ya kura zote kwa sababu ya Wamoldova wanaoishi nje. Kura za diaspora ni halali kabisa, na sitaki nieleweke vingine. Lakini mchakato unapoamuliwa na walio nje, idadi ya vituo katika kila nchi haiwezi kuwa suala la kiofisi tu, na kinga isiyopimwa humpa mshindwa sababu ya kutokubali.

Kipimo

Hoja ya Gagauzia naipokea. Sikuwa nimeiweka kwenye mizani ipasavyo. Kuhusu vituo, naona ulichosema ni sahihi kwa sehemu, ila tukumbuke kwamba siku ya duru ya pili vitisho vya mabomu viliripotiwa kwenye vituo vya diaspora katika nchi za Ulaya. Hofu ya usalama haikuwa ya kubuni.

Mfuatiliaji (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimeelewa kwamba nilikuwa nimechanganya maswali mawili. Linabaki moja: kama athari haiwezi kupimwa, mahakama ifanye nini? Romania, jirani yao, ilifuta duru ya kwanza ya urais kwa uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa tarehe 6 Desemba 2024.

Mtazamo wa Pembeni

Moldova ilifuata njia nyingine, nami naiona bora. Mahakama yake ya Katiba iliyathibitisha matokeo ya kura ya maoni, na suala la fedha likaachwa kwa waendesha mashtaka. Agosti 2025 Evghenia Guțul, kiongozi wa Gagauzia, alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kuhusiana na fedha haramu za chama. Yeye anasema kesi ni ya kisiasa. Sikubaliani wala sipingi kabla ya rufaa kumalizika, lakini angalau kuna mashtaka, ushahidi na wakili wa utetezi, vitu ambavyo tamko la usiku wa uchaguzi halina.

Kilichonitia wasiwasi ni uchaguzi wa bunge wa tarehe 28 Septemba 2025. Chama tawala cha PAS kilipata viti 55 kati ya 101, ushindi usio na utata kihesabu, lakini siku mbili tu kabla ya kura vyama viwili viliondolewa kwa madai ya fedha haramu. Inawezekana madai hayo yalikuwa ya kweli. Uamuzi huo ungetolewa mwezi mmoja mapema, vyama hivyo vingepata nafasi ya kujitetea, na wafuasi wao wangepata muda wa kuchagua pengine pa kupeleka kura zao.

Kipimo

Nami nitaongeza kuhusu waliopokea, kwa sababu wanasahaulika. Sheria ya Moldova inamtoza faini raia anayeuza kura yake, na wengi wametozwa. Miongoni mwao wamo wastaafu ambao malipo yao ya uzeeni hayawatoshi kulipia gesi wakati wa baridi. Aliyepanga mtandao yuko Moscow, mbali na mkono wa polisi, na faini inalipwa na yule aliyepewa kidogo kuliko wote.