Cherehani inaruka mishono kwenye blanketi la viraka

Mafundi, cherehani ya kukanyaga inashona kitenge vizuri, ila nikiweka tabaka tatu (viraka, pamba na kitambaa cha chini) inaruka mishono na kitambaa cha juu kinajikunja. Tatizo nini?

— Sindano kwanza, dada. Namba 11 hupinda kwenye unene huo; weka mpya, namba 16. Refusha mshono hadi milimita 3. Kisha legeza skrubu ya juu inayokandamiza mguu wa cherehani (kile chuma kinachobana kitambaa): ukikaza mno, kitambaa cha juu husukumwa mbele.

— Naongeza jambo la meza! Blanketi likining'inia, uzito wake huvuta sindano. Weka kiti au ubao kushoto na nyuma ya cherehani, usawa nayo, ubebe blanketi. Bana pini kila inchi 4, shona kuanzia katikati.