Turubai badala ya hema, msitu wa Amani, masika. Inawezekana?

kijana_wa_chuda: Wakuu habari za saa hizi. Mimi na washkaji watatu tunataka kulala siku mbili Amani kule juu ya Muheza mwezi wa nne, najua najua ni masika ila likizo ndo imeangukia hapo. Hema la watu wanne bei imenitoa jasho, home lipo turubai la bluu mita 4 kwa 5 tunaanikia mahindi. Nililijaribu uani, nikafunga kona nne kwenye miti, saa nane usiku likajaza maji katikati likatumwagikia lote. Nimekosea wapi?

mzee_wa_porini: Umelifunga bapa kama dari ndo maana. Tafuta miti miwili, vuta kamba moja ikaze kweli kweli usawa wa kifua, turubai ulitupie juu yake lishuke pande mbili kama paa la banda, upande upepo unakotokea ushushe karibu na ardhi. Maji yatafuata ile kamba mpaka ndani, kwa hiyo funga kitambaa kining'inie kwenye kamba nje kidogo ya turubai, yanadondokea hapo. Vile vitundu vya chuma vya kona usiviamini vinang'oka, weka kijiwe laini ndani ya kona, kunja, funga shingoni kama mfuko wa ubuyu. Na kamba ya katani iache huko huko Tanga (samahani wenyeji) ikilowa fundo halifunguki, chukua manila.

Mama Shadya: Mbona hamjamwambia aangalie JUU kwanza? Tawi kavu likishuka na mvua hilo turubai halizuii kitu. Halafu turubai halina sakafu mwanangu, sisi siafu walitukuta tisa usiku tukakimbia na mablanketi, tulipomwaga majivu ndo wakageuza njia. Chandarua kining'inize kwenye kamba hiyo hiyo, pindo ulikalie chini ya mkeka. Nailoni ya chini isizidi paa, ikichomoza nje inakinga maji inawaletea mpaka mgongoni.

kijana_wa_chuda: Shkamoo mama, siafu sikuwawaza kabisa 😂 na fito za kuegeshea si tunakata huko huko?

sigi_juu: Weee usikate hata kafito, ile ni hifadhi toka 1997 iko chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), mnalipia getini na wanawaonyesha pa kulala. Fito bebeni. Mkilala huku Sigi chini joto, Amani kwenyewe ni kama mita 900 usiku utatafuta sweta. Moto pia uwe mbali, hilo turubai ni plastiki, cheche moja tu mnapata dirisha.

kijana_wa_chuda: Nimewapata wote. Ule mfuko wa ubuyu nimeuelewa kuliko video zote nilizoangalia. Jumamosi nalifunga tena uani, mvua ikinyesha nawaletea picha.