Tunajua mazoezi ni dawa, mbona hatufanyi?

Mkulima wa Mjini: Wadau, kama sikosei ni Desemba 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, aliposema Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Dakika 150 kwa wiki tumeshaimbiwa. Elimu ipo. Tatizo liko kichwani: presha haiumi, kwa hiyo mtu anaona ni ya wenzake, na hajiamini kama ataweza. Wagumu kuliko wote ni hawa wenye vitambi maofisini. Mnasemaje?

Baba Wawili: Kitambi changu kimekukosea nini? Nimekitafuta kwa jasho.

Kisauti: Jasho la supu?

Bint Tanga: Mleta mada umesahau mtaa. Shemeji yangu aliacha soda, akapunguza wali, akapungua kweli. Kwenye msiba mmoja watu wakaanza kunong'ona, "huyu kaungua," yaani ana Ukimwi. Karudi kwenye sahani yake ya zamani bila kulazimishwa na mtu. Hizo dakika 150 utamwambiaje?

Baba Wawili: Umemaliza, dada. Na wanaotusimanga ni hao hao wa joging. Asubuhi kilomita 5, halafu supu ya kongoro na bia mpaka saa nane mchana.

Kapteni Joging: Ongea na unachokijua. Mimi peke yangu nilikuwa naacha kila mara. Kwenye kundi usipotokea simu inaita alfajiri, "uko wapi?" Unaona haya, unavaa raba. Haya hiyo hiyo iliyomrudisha shemeji kwenye wali, sisi inatutoa kitandani.

Mama Nasra: Na manukato je? Mume wangu tangu ajiunge na joging anajipulizia saa kumi na moja alfajiri. Nani anakimbia na manukato?

Kisauti: Uzi umepamba moto. Naleta kiti.

Kapteni Joging: Mama, tusichafuane. Kwetu kuna mpaka wazee wa msikitini.

Mama Nasra: Hao ndio wenyewe.

Mkulima wa Mjini: Jamani, tulikuwa kwenye presha!

Bint Tanga: Wewe ulipima lini mara ya mwisho?

Mkulima wa Mjini: Nina miaka 34 mimi, na sina hata kitambi.

Baba Wawili: Hujaulizwa umri.

Mama Nasra: Kapteni, Jumapili mnaanzia wapi? Nakuja, na sitamwambia.