Jogoo wa kuchi anarukia watu, nifanyeje?

Wakuu, habari za leo. Nina jogoo chotara wa kuchi na matetea manane hapa nyumbani Morogoro. Tangu aanze kupanda matetea amekuwa mkorofi: ukimpa mgongo tu, anakurukia na yale makucha ya nyuma. Wageni watajijua wenyewe, ila binti yangu ana miaka mitatu, akirukiwa ni usoni moja kwa moja. Mama watoto anataka supu. Mimi naionea uchungu mbegu, maana vifaranga wake wana miili mikubwa kweli. Najua kuchi ni kuku wa kupigana, lakini si na majogoo wenzake? Kuna aliyewahi kumtuliza wa hivi kwa kumtenga bandani au kumpunguza kucha? Na ukali huu, vifaranga watarithi?