Mjadala: Nani akaribie Meza ya Bwana katika usharika wetu?

Bwana asifiwe, ndugu zangu.

Nimesoma michango yenu yote tangu Jumapili, nikaona nisinyamaze. Kwa walioingia katikati: usharika wetu wa Kilutheri hapa Eastlands, Nairobi, unataka kubandika maneno kwenye ubao ulio karibu na lango. Maneno yenyewe ni haya: "Karibu mwenyeji na mkimbizi, uliyefunga ndoa na usiyefunga, unayesikia na usiyesikia, unayetembea na unayesukumwa kwa kiti, unayempenda wa jinsia nyingine na unayempenda wa jinsia yako. Meza hii ni ya Bwana." Mpaka kwenye kiti hakuna aliyepinga. Baada ya hapo ndipo moto ukawaka.

Mimi nayaunga mkono maneno hayo yote, hata ya mwisho, na nataka yaandikwe. Nasema mapema ili asiwepo wa kuniuliza baadaye nilikuwa upande gani.

Mimi ndiye mama wa madhabahu. Jumamosi jioni napiga pasi kile kitambaa cheupe na kusugua kikombe kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisiache alama. Jumapili, wimbo wa pili ukianza, nasimama kwenye mlango wa sakristia, kile chumba cha kuandalia ibada, na kuhesabu vichwa, benchi kwa benchi. Watoto ambao hawajapata kipaimara siwahesabu. Halafu naweka vile vimkate vyembamba vya Meza ya Bwana kwenye sahani kwa kadiri ya hesabu yangu. Ibada ikiisha nahesabu vilivyobaki.

Jumapili iliyopita niliweka 140. Vikabaki 43.

Watu 43 walisali Baba Yetu pamoja nasi, wakatoa sadaka, wakasalimiana amani na majirani zao, kisha wenzao walipoinuka kwenda mbele, wao wakabaki wameinamisha vichwa kama watu wanaotafuta kitu sakafuni. Wengi nawajua. Kuna kina mama waliozaa kabla ya ndoa na hawajasimamishwa mbele ya watu ili "warudi kundini". Kuna wanaume na wanawake wa njoo-tukae, wamelea watoto pamoja mpaka wamemaliza shule, lakini mahari haijaisha kule nyumbani na kwa hiyo ndoa haijabarikiwa. Tena kuna baba mmoja wa kiti cha magurudumu, ingawa yeye hakunyimwa mkate. Madhabahu yetu ina ngazi tatu, na kwa muda mrefu tulimpelekea mkate mwisho kabisa, watu wote wakishaketi, kama mtu anayepewa kilichosalia chunguni.

Na kuna kijana wa kinanda. Wimbo wa ushirika ukianza, yeye huupiga ubeti baada ya ubeti, polepole, anarudia kiitikio, anasubiri mpaka mtu wa mwisho amefika kitini. Kisha anafunga wimbo. Hashuki. Ukikaa kwenye benchi unamwona mpiga kinanda aliye kazini. Nilifikiri hivyo hivyo, mpaka siku nilipomwendea sakristia nikamwambia nitamwekea cha kwake kando, apokee mwisho pamoja na mchungaji. Akaniambia, "Mama, mimi niliambiwa nisubiri." Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amemwambia kwamba mikono yake inapokelewa, ila mdomo wake usubiri. Simtaji kijana huyo, wala msinitumie ujumbe kuniuliza ni nani. Mnajua mtu akitajwa hivyo mtaani analala wapi usiku huo.

Sasa nije kwenye hoja zenu.

Ndugu mmoja amesema hii ni ajenda ya Wazungu na kwamba Mlutheri Mwafrika hana haja nayo. Ndugu yangu, Ulutheri wenyewe ulitufikia Kenya kwa mikono ya wamisionari wa Sweden walioanza kazi Itierio, Kisii, mwaka 1948, na hakuna anayetaka kuurudisha ulikotoka. Tena safari zimekuwa za pande zote mbili. Mwaka 2005 Askofu Walter Obare wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kenya, lile lenye kanisa kuu kando ya Uhuru Highway, alikwenda Göteborg akamweka wakfu Arne Olsson awe askofu wa Waswidi wasiokubali wanawake wawe wachungaji. Kwa hiyo Mkenya alikwenda Ulaya kuwasaidia Wazungu wa upande mmoja dhidi ya Wazungu wa upande wa pili. Na hapo jirani, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1991, ingawa si dayosisi zote zilizokubali siku moja. Watanzania wale waliamua wenyewe, katika vikao vyao, kwa Kiswahili chao. Kanisa hili limebishana juu ya nani asimame madhabahuni, na kila upande ulikuwa na Waafrika wanaosoma Biblia ile ile. Tusidanganyane kwamba ubishi umeletwa kwa ndege.

Na sifichi yaliyo kinyume na mimi. Kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA, liliamua Agosti 2009 kwamba watu walio katika uhusiano wa kudumu wa jinsia moja wanaweza kuwa wachungaji. Oktoba mwaka huo huo Kanisa la Sweden likakubali kufungisha ndoa zao. KKKT ilijibu kwa Tamko la Dodoma mwanzoni mwa 2010, ikazikataa ndoa hizo waziwazi. Kanisa la Kilutheri la Ethiopia, Mekane Yesus, likakata ushirika na makanisa hayo mawili mwaka 2013. Haya yote ni kweli, na anayesema makanisa mengi ya Afrika yamekataa hasemi uongo. Lakini walikuwa wanabishana kuhusu ndoa na uchungaji. Ubao wetu hausemi neno juu ya ndoa wala juu ya uchungaji. Mimi mwenyewe kuhusu ndoa hizo bado nasoma na kuomba. Ubao unasema juu ya meza, na juu ya meza sina shaka.

Hoja ya sheria, kwamba jambo hili ni kosa nchini, nitaipitia haraka. Ndiyo, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha ngono "kinyume cha maumbile", kipo, kina adhabu ya hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mnamo Mei 2019. Lakini kinahusu tendo. Hakuna sheria ya Kenya inayomkataza mtu kuketi kwenye benchi la kanisa au kupokea mkate. Na Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema serikali haiwezi kulinyima usajili shirika la kutetea haki za wanaowapenda wa jinsia yao kwa sababu tu ya jinsi walivyo. Ikiwa mahakama imeona wana haki ya kukusanyika kama raia wengine, sisi tunaosema tumekusanywa na Roho Mtakatifu tunasitasita kwa sababu gani?

Hoja iliyonigusa ni ya dada yetu aliyeandika kwamba kumkaribisha mtu mezani bila toba ni kumpotosha, akatuwekea Warumi 1, sura inayokemea tamaa za jinsia moja. Dada, nakuheshimu, na najua hukuandika kwa chuki. Lakini nimefundisha darasa la kipaimara miaka mingi na kila mwaka nafika kwenye swali lile lile la Katekisimo Ndogo ya Luther, kile kitabu kifupi cha mafundisho yetu: nani anayepokea sakramenti hii kwa kustahili? Jibu mnalijua. Kufunga na kujiandaa kwa mwili ni desturi njema ya nje, lakini anayestahili hasa ni yule anayeyaamini maneno haya: yametolewa na kumwagwa kwa ajili yenu kwa ondoleo la dhambi. Watoto wetu wanalikariri jibu hilo mbele ya usharika mzima wakiwa wamevaa nguo nyeupe, sisi tunapiga vigelegele, halafu mwaka unaofuata mmoja wao anapata mimba na tunamwambia masharti ni mengine.

Paulo kwa Wakorintho anasema "mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate". Ajihoji. Hakuandika kwamba mzee wa kanisa amhoji. Na akisha kujihoji anasema ale. Kuna wanaojihoji kila Jumapili mpaka jasho linawatoka, na sisi hatujawafikisha kwenye ile nusu ya pili.

Tena nitasema jambo ambalo labda litawaudhi baadhi ya wazee wangu. Katika miaka yote niliyohesabu vimkate, sijawahi kuona kimoja kikibaki kwa sababu ya mtu aliyekula pesa za harambee ya mazishi. Sijaona kikibaki kwa sababu ya mwenye nyumba aliyeng'oa mlango wa mpangaji mvua ikinyesha. Hao hupanga foleni, hupokea, hurudi kwenye mabenchi ya mbele, na hakuna aliyewahi kuwaita sakristia. Ikiwa marudi, yaani adhabu ya kanisa, ni dawa, mbona tunawapa wagonjwa wa aina moja tu, tena wale wasio na sauti katika baraza? Mkinionyesha usharika unaomzuia mnyang'anyi na mpiga kinanda kwa kipimo kimoja, nitakaa chini nijadiliane nao. Wetu haufanyi hivyo.

Mwisho, kijana aliyeuliza: "Kwa nini tutaje makundi? Si tuandike tu 'Wote mnakaribishwa' yaishe?" Swali zuri, na mwanzoni nililiuliza mimi pia. Lakini ubao wetu wa zamani uliandikwa hivyo hivyo, "Wote mnakaribishwa", na chini yake walipita viziwi kwa miaka bila mtu wa kuwatafsiria neno moja. Katiba ya 2010 ilipotaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina, serikali ikapewa wajibu wa kuikuza. Sisi tulikuwa na "wote" tu, na "wote" haikumwajibisha yeyote. Hata kule Marekani sharika za Kilutheri zilizoanza kazi hii tangu 1984 zilijifunza hilo: usharika unakaa, unasoma, unabishana, unapiga kura, kisha unaandika wazi ni nani unaompokea, kwa sababu aliyefukuzwa mara moja akisikia "wote" hudhani hayumo.

Na mimi nililijua kwa macho. Kuna mama kiziwi anayekuja na binti yake. Zamani akipiga magoti mbele, mchungaji alikuwa akisema maneno huku amekiinua kikombe mbele ya uso wake, kwa hiyo hata midomo haikuonekana. Mama anatazama kikombe, anatazama sakafu, anakunywa, anaondoka. Baada ya baraza kuandika katika kumbukumbu zake kwamba usharika una washarika viziwi, kwa maneno hayo hayo, mchungaji alitafuta mwalimu wa ishara akajifunza sentensi mbili tu. Jumapili ya kwanza nilikuwa nimeshika sahani, nimesimama karibu kiasi cha kumgusa. Mchungaji akanipa kikombe nikishike, akaachia mikono yote miwili, akafanya ishara ya mwili, akafanya ishara ya kutoa, kisha "kwa ajili yako". Na "wewe" kwa ishara ni kidole tu. Kidole kikamwelekea kifuani. Mama yule aligeuka akatazama nyuma yake, kama mtu anayeangalia ni nani anayeonyeshwa. Mchungaji akarudia, kidole pale pale. Ndipo akafungua kinywa.

Baada ya ibada binti yake aliniambia mama yake ameshiriki Meza ya Bwana tangu usichana na hiyo ndiyo mara ya kwanza ameambiwa ni ya nani.

Ngazi tatu nazo tumezimwagia zege upande wa kushoto, fundi ni mshiriki wetu, na yule baba sasa anapanga foleni pamoja na wengine. Kina mama watatu kati ya wale wa njoo-tukae mchungaji ameanza kuwatembelea nyumbani bila kuwasimamisha mbele ya watu. Hakuna aliyelalamika kwamba tumefungua mlango kupita kiasi. Kelele zimeanza tulipofika kwa huyu mmoja wa kinanda.

Kwa hiyo ninyi mnaopinga mstari wa mwisho, na hasa wewe mzee wangu uliyeandika kwamba "akae tu, hatumfukuzi, apige kinanda", naomba jibu la jambo moja, na nitalipokea kwa heshima kama mtoto wako. Jumapili hii nitasimama tena pale mlangoni na sahani yangu. Nikifika kwenye kinanda, nimhesabu au nisimhesabu?