Je, kipimo cha endotoksini cha maji ya dayalisisi kinaweza kupima damu ya mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yanayodhuru mwili mzima)?

Mpima_Maji:
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja ya mkoa. Kila mwezi nachota maji kwenye mtambo wa dayalisisi na kuyapima endotoksini, yaani sumu ya bakteria, kwa kipimo cha LAL, kile cha mrija mdogo. Unachanganya, unaacha saa nzima kwenye nyuzi 37, kisha unaupindua mrija. Ikiganda na kushika pale chini, maji yamevuka kiwango. Ikimwagika, yako salama. Kiwango chetu ni chini ya uniti 0.25 kwa mililita.

Wiki iliyopita aliletwa kijana aliyetoboka utumbo kwa taifodi. Alipasuliwa usiku, ikafika alfajiri presha imeshuka, namba ya juu iko 70, na mkojo hautoki. Daktari wa zamu alishuka mwenyewe hadi maabara, akaniuliza: "Sumu ya bakteria unaipima kwenye maji kila mwezi, kwa nini usiipime kwenye damu yake nijue napambana na kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Kijana alifariki saa nne asubuhi. Plazma yake, yale majimaji ya damu bila chembe, ilikuwa bado kwenye friji, nikaitoa, nikakaa nayo mkononi, nikairudisha.

Swali halinitoki. Ningepima, ningepata kitu cha kumsaidia anayefuata?

hadubini_kongwe:
Pole sana mdogo wangu. Ulifanya vyema kuirudisha.

Unachotumia ni dondoo la chembe za damu ya Limulus, yule mnyama mwenye gamba kama kofia ya chuma anayeishi pwani ya mashariki ya Marekani. Bang na Levin ndio waliogundua kwamba damu yake huganda ikiguswa na endotoksini. Kwenye maji safi kipimo hiki hakina mfano. Plazma ni habari nyingine kabisa: ina protini zinazoikumbatia endotoksini na kuificha, na ina vizuizi vinavyozima vimeng'enya vya mgando. Watu wamejaribu kuizimua na kuichemsha kwanza, majibu yakawa yanatofautiana maabara hadi maabara.

Upande wa pili, LAL ya kawaida huamshwa pia na beta-glukani, inayotoka kwenye fangasi na hata kwenye shashi za upasuaji. Kijana wako alikuwa ametoka kupasuliwa. Tena mirija yetu ya kawaida ya kutolea damu haikuandaliwa kuwa bila endotoksini; vyombo vya kioo vya kazi hiyo huokwa nyuzi 250 kwa nusu saa. Kwa hiyo iwe imeganda au imemwagika, usingejua umepima nini.

zamu_ya_usiku:
Niko ICU, wodi ya mahututi, naomba niongeze la upande wa kitandani.

Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya damu kipo, kinaitwa EAA. Hakitumii plazma, kinatumia damu nzima mbichi, na inatakiwa ipimwe ndani ya saa chache. Kingamwili hushika endotoksini, kisha neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) za mgonjwa mwenyewe hujibu, na jibu lao husomwa kama mwanga. Namba huanzia 0, na 0.60 kwenda juu huhesabiwa kubwa. Mgonjwa ambaye neutrofili zake zimekwisha hapimiki.

Sasa angalia hili. Utafiti wa 2004 ulipima wagonjwa 857 siku waliyoingia ICU, na zaidi ya nusu walikuwa na kiwango cha kati au kikubwa, ingawa wachache mno kati yao walikuwa na maambukizi ya bakteria wa Gramu hasi, kundi lenye endotoksini. Utumbo wenyewe ukikosa damu ya kutosha huvuja. Kwa hiyo namba kubwa haikuambii bakteria yuko wapi wala ni nani.

Halafu unaifanyia nini hiyo namba? Utafiti wa EUPHRATES, uliotoka 2018, ulichagua wagonjwa 450 wa mshituko wa sepsisi (presha imeporomoka) wenye EAA ya 0.60 au zaidi, nusu wakachujwa damu kwa kichujio chenye polimiksini B kinachonasa endotoksini. Baada ya siku 28 walikuwa wamefariki asilimia 37.7 ya waliochujwa na 34.5 ya wasiochujwa. Niliposoma niliumia, maana niliamini kichujio kile.

Mpima_Maji, nijibu moja. Damu ya kijana ya kuotesha ili kumtafuta bakteria ilichukuliwa lini, na ilikuwa kiasi gani?

Mpima_Maji:
Nimerudi kuangalia rejista. Chupa moja. Imeingia saa nane usiku, na seftriaksoni, ile antibiotiki, alianza jioni. Chupa yenyewe sijaitupa. Kwa kuikadiria kwa macho ina damu mililita tatu. Haikuota kitu.

zamu_ya_usiku:
Chupa ya mtu mzima inataka mililita nane hadi kumi, na zichukuliwe angalau seti mbili, mikono tofauti, kabla ya dawa, mradi dawa isicheleweshwe. Hapo ndipo mchango wako ulipo. Ukimwotesha yule mdudu na kutuambia seftriaksoni haimshiki, nabadilisha dawa siku hiyohiyo.

hadubini_kongwe:
Pima uzito wa chupa kabla haijatiwa damu, kisha pima iliyorudi; tofauti ndiyo damu. Mililita moja ya damu ni kama gramu 1.06. Mizani unayo.

Mpima_Maji:
Mizani ninayo. Nimeshapima tupu kumi za boksi jipya, na nimeandika uzito kwa kalamu ya wino mzito juu ya lebo. Jumatatu nazipeleka mwenyewe wodi ya upasuaji, na nimemwomba yule daktari wa zamu aje tuongee na manesi pamoja.